Kufuata mashindano ya matanga ukiwa nchi kavu: maelezo kwa aliye mbali na bahari

Kutoka Todonyang hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 900 ukipiga mstari kwenye ramani, na kwa barabara usiulize. Hata hivyo siku za mashindano ya mashua, yale ya Maulidi au yale ya mwaka mpya kule Shela, simu za watu wetu walioko Lodwar, Kakuma na huku mpakani hazinyamazi. Mwalimu, muuguzi, dereva wa shirika, mwenye duka: kila mmoja ana ndugu aliyesimama gatini akimweleza nani ametangulia kulizunguka boya. Hata Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, wamepita Wabajuni na Wabarawa walioikimbia Somalia, watu ambao baba zao walisoma rangi ya maji kabla ya kusoma herufi.

Hawa hawahitaji kufundishwa tanga ni nini. Wanachokosa ni namna ya kufuata mbio ambazo hakuna ndugu gatini wa kuzisimulia: zile za bahari kuu, zinazochukua siku tatu au miezi mitatu bila chombo kuonekana na mtu wa nchi kavu. Mbio hizo siku hizi zinafuatwa kwa simu, na anayejua kuzisoma hupata raha kubwa. Asiyejua huona nukta za rangi zikitambaa kama siafu, akachoka. Maelezo yaliyo hapa chini ni ya huyo wa pili. Nimeyaandika pia kwa sababu inayohusu wavuvi wa hapa Todonyang, nami nitaifikia.

Macho yanafika wapi

Mtu aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake uko kilomita 5 hivi. Chombo chenye tanga la mita 10 kitaonekana ncha yake tu kikiwa kama kilomita 16. Ukipanda mnara wa mita 25 unaongeza zaidi ya kilomita 12. Basi. Baada ya hapo dunia imejikunja, na darubini yoyote haitakusaidia.

Mbio za Lamu zimepangwa ndani ya macho hayo. Mashua zinakwenda mkondoni kati ya Lamu na Manda, zinazunguka maboya, na mtazamaji anayaona yote, pamoja na pale mambo yanapoharibika. Kwa tanga la pembe tatu, kugeuka si jambo la kuvuta kamba moja. Foromali lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, mabaharia wahame na uzito wao, demani ishikwe upya. Ndiyo maana wazee wa Shela na Matondoni hawaangalii sana chombo kikiwa katika mwendo, wanangoja boya. Hapo ndipo nahodha mzuri anapowaacha wenzake.

Bahari kuu haina boya la kungojea. Kwa hiyo inabidi ujue vitu vingine vya kutazama.

Nukta si chombo

Kila chombo cha mashindano makubwa hufungwa kifaa kidogo kinachojua mahali kilipo kwa setilaiti za GPS, kisha kinatuma taarifa hiyo nchi kavu kupitia setilaiti nyingine. Mtandao unaotumika sana ni wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazoizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi, ndiyo maana unafanya kazi hata pale ambapo hakuna mlingoti wa simu wala meli. Taarifa haitumwi kila sekunde. Waandaaji huamua iwe kila baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa, kwa kuwa betri na gharama vina mpaka wake.

Kati ya taarifa mbili, ramani yako inakisia. Inachora mstari ulionyooka na kuitembeza nukta kwa mwendo wa mwisho uliojulikana. Mgeni akiona chombo kimepita juu ya kisiwa hushangaa, lakini ni mstari tu uliopita. Kila ukifungua ramani tafuta saa ya taarifa ya mwisho, na ichukulie nukta kuwa barua iliyoandikwa saa hiyo.

Kuna mfumo mwingine, AIS, ambao kila meli ya tani 300 na zaidi inayosafiri kimataifa inatakiwa iwe nao. Unarusha jina la chombo, mahali, mwendo na uelekeo kwa redio ya VHF, na mitambo ya pwani inayapokea. Kwa kuwa redio hiyo nayo inazuiwa na mkunjo wa dunia, chombo kikienda mbali hutoweka kwenye ramani za bure, hadi setilaiti ikidake au kifike karibu na pwani nyingine. Watu wengi huingiwa na hofu hapo bila sababu. Jahazi na mashua zetu za mbao nyingi hazina kifaa hicho, kwa hiyo usizitafute.

Wakati mwingine nukta hupotea kwa makusudi. Mashindano ya kuizunguka dunia yaliyokuwa yakiitwa Volvo Ocean Race, sasa The Ocean Race, yaliruhusu timu katika toleo la 2017-18 kujificha kwa saa 24 ili wapinzani wasijue zimeelekea wapi. Toleo la 2011-12 lilitugusa sisi zaidi. Mkondo wa kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi ulipaswa kupita bahari yetu, lakini kwa hofu ya maharamia wa Somalia vyombo vilipakiwa juu ya meli katika bandari iliyofanywa siri, vikabebwa hadi karibu na Ghuba, kisha vikashushwa vimalize mbio.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 29, 2014, katika mkondo huohuo, chombo Vestas Wind kilipanda mwamba usiku katika visiwa vya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Watu wote 9 waliokuwamo waliokoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba ramani yao ya kielektroniki, ikitazamwa kwa umbali, haikuonyesha hatari iliyopo. Mpaka uikuze ndipo mwamba unajitokeza. Mabaharia wenye kila chombo cha kisasa waliingia kwenye mwamba ambao mabaharia wa Bahari Hindi wameujua kwa karne nyingi. Nawe unapotazama kwa simu fanya hivyohivyo: kuza ramani kabla hujasema njia iko wazi.

Saa zao na saa zetu

Hili ni jepesi lakini linawakosesha wengi mwanzo wa mbio. Tovuti za mashindano hutumia saa ya dunia, UTC, nasi tuko saa 3 mbele yake. Wakiandika 12:00, kwetu ni saa 9 alasiri. Mbio za Sydney kwenda Hobart, zilizoanza 1945 na zenye urefu wa maili za bahari 628, huanza kila Desemba 26 saa 7 mchana ya huko, ambayo kwetu ni saa 11 alfajiri. Maili ya bahari ni mita 1,852, na noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Ukiona chombo kinakwenda noti 20, hizo ni kilomita 37 kwa saa, mwendo wa pikipiki kwenye barabara ya mchanga.

Nani anaongoza

Orodha ya nafasi ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu chochote. Kwa kawaida hupangwa kwa umbali uliobaki hadi mwisho, ukipimwa kwa njia fupi. Lakini chombo cha tanga hakiendi kwa njia fupi. Fikiria nahodha anayetoka Mombasa kwenda Lamu wakati wa kaskazi. Upepo ni wa omo, lazima abishe: atoke nje baharini, ageuke, arudi kuelekea pwani, atoke tena. Anapokuwa nje kabisa, aliyebaki karibu na pwani anaonekana kumpita kwa umbali. Yeye anajua kwa nini amekwenda huko. Jioni, upepo ukibadilika kidogo, ndipo orodha inapogeuka na watu wanasema ni bahati.

Kwa hiyo usitazame nafasi peke yake. Tazama mwendo wa kila chombo, uelekeo wake, na upepo alionao na atakaokuwa nao kesho. Ukiona wa nafasi ya nane anakwenda noti 17 na wa kwanza noti 6, tayari una habari ambayo orodha haijakupa.

Kisha kuna kumaliza kwanza na kushinda, mambo mawili tofauti. Katika mbio nyingi vyombo havilingani, hivyo kila kimoja hupewa kipimo kulingana na urefu, uzito na matanga yake, na muda wake hurekebishwa kwa kipimo hicho. Chombo kidogo kilichofika siku moja baadaye kinaweza kuchukua kombe kuu. Adhabu nazo zina nafasi yake. Mwaka 2017 kule Hobart, Wild Oats XI ilifika ya kwanza, ikaongezewa saa 1 kwa kuikaribia mno Comanche muda mfupi baada ya kuanza. Ushindi ukaenda kwa Comanche, pamoja na rekodi ya siku 1, saa 9, dakika 15 na sekunde 24. Aliyezima simu baada ya mshindi kuvuka mstari alilala na habari isiyo kweli.

Upepo

Fungua ramani ya mbio upande mmoja na ramani ya upepo upande wa pili. Programu kama Windy huonyesha hesabu za vituo vikubwa vya hali ya hewa, na ile ya Marekani iitwayo GFS hufanywa upya kila saa 6. Ukizoea utaanza kubashiri: huyu ataingia kwenye shwari usiku, yule atapata upepo wa tezi kesho asubuhi. Anayejua kusi na kaskazi ana mwanzo mzuri kuliko Mzungu wa bara, kwani ameishi ndani ya pepo zenye majira na anajua upepo una tabia.

Lakini hesabu hizo haziwezi kuona kila kilima na kila bonde. Ziwa Turkana linafundisha hilo vizuri. Upepo wake wa kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukatoka kwa nguvu, ndiyo sababu upande wa Loiyangalani imejengwa mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo. Mara nyingi huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, kisha hupungua mchana. Mgeni aliyeliona ziwa saa 9 alasiri likiwa kama sahani anaweza kudhani wenyeji wanatia chumvi. Wenyeji huliita Anam, na hawalifanyii mzaha.

Nukta inaposimama

Hapa ndipo kufuata mbio kunapoacha kuwa mchezo.

Nukta iliyosimama ina maana nyingi. Huenda betri imekwisha. Nahodha huwa anatuma ujumbe na waandaaji hutangaza. Huenda upepo umekatika, na utajua kwa kutazama vyombo jirani, navyo vitakuwa vinakwenda noti 1 au 2. Huenda mlingoti umevunjika: mwendo unashuka ghafla kutoka noti 15 hadi 2, na chombo kinaanza kusukumwa upande upepo unakokwenda. Dalili inayotisha zaidi haimo kwenye nukta yenyewe. Ni nyuzi za wengine zinapopinda. Chombo cha mashindano hakirudi nyuma bila sababu.

Waliokuwa wakifuata Vendée Globe, mbio za mtu mmoja mmoja kuizunguka dunia bila kutua, waliliona hilo Novemba 30, 2020. Kusini-magharibi ya Cape Town, chombo cha Kevin Escoffier, PRB, kilivunjika katikati baada ya kujitumbukiza ndani ya wimbi. Alipata muda wa kutuma ujumbe mfupi kwa watu wake wa nchi kavu na kuingia kwenye boti la mpira la kujiokoa. Kwetu ilikuwa jioni. Ofisi ya mashindano ilimwomba Jean Le Cam, aliyekuwa karibu zaidi, ageuke. Alifika, akamwona mwenzake kwa macho, kisha katika kugeuza chombo kwenye mawimbi makubwa akampoteza. Usiku ukaingia. Wengine watatu waliombwa wageuke, na nyuzi nne zikawa zinazunguka mahali pamoja kama samaki ndani ya wavu. Le Cam alimpata kabla ya mapambazuko ya Desemba 1, saa 11 na ushei baada ya ajali.

Le Cam mwenyewe alikuwa amewahi kuokolewa karibu na Cape Horn, Januari 2009, chombo chake kilipopinduka. Aliyemwokoa ni Vincent Riou, naye alikuwa akiendesha chombo chenye jina hilohilo, PRB.

Waliogeuka walirudishiwa muda wao. Mbio zilipokwisha Januari 2021, Charlie Dalin alivuka mstari wa kwanza, lakini Yannick Bestaven, aliyefika wa tatu, alipunguziwa saa 10 na dakika 15 kwa kuacha njia yake usiku ule, akatangazwa mshindi. Sijui mashindano mengine yaliyomlipa mtu kwa haki namna hiyo. Dalin alirudi katika toleo la 2024-25, akamaliza na kushinda kwa siku 64 na saa 19.

Tazama ni vitu vingapi vilivyomwokoa Escoffier. Kilikuwapo kifaa kilichotangaza hatari kwa setilaiti, na ofisi isiyolala. Majirani walijulikana mahali walipo. Juu ya yote, kulikuwa na mtu nchi kavu aliyejua jina lake, chombo chake na alikokuwa, akaanza kupiga simu dakika hiyohiyo. Mahali palipokosa hayo, bahari hiyohiyo huua. Katika mbio za Sydney hadi Hobart za 1998 vyombo 115 vilitoka, 44 tu vikamaliza, watu 6 wakafa na 55 wakaokolewa katika dhoruba. Baada ya hapo masharti ya vifaa vya usalama na ya mawasiliano yalikazwa.

Pwani isiyo na nukta

Sasa niseme kuhusu hapa. Todonyang watu wanafuata vyombo kutoka nchi kavu kila siku, na hakuna kombe. Jioni wanasimama ufukweni na kuhesabu. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, upeo wa macho ni kilomita zile 5, na ng'ambo kidogo tu ni mdomo wa mto Omo na mpaka wa Ethiopia, ambako Waturukana na Wadasanech wamegombania maji na samaki kwa miaka mingi. Februari 2025, baada ya mashambulizi upande huo, iliripotiwa kwamba wavuvi zaidi ya 20 wameuawa au hawajulikani walipo. Idadi iliyotajwa ilibadilika kutoka siku moja hadi nyingine na kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Kwa familia iliyo ufukweni, tofauti ya mtu mmoja katika hesabu hiyo ni baba au kaka.

Kifaa cha setilaiti hakingezuia risasi, wala sidai hivyo. Lakini kujua ni nani walitoka, saa ngapi, na wakielekea wapi, kunabadilisha saa za kwanza za kutafuta. Nasi wa Pwani tusijione bora. Kila kusi kuna mashua inayotoka Kiwayu au Kipini ikachelewa, na kitu cha kwanza watu wanachoulizana gatini ni walikuwa wangapi. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokozi baharini, kilichofunguliwa 2006 chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Kituo kama hicho kinafanya kazi kwa taarifa unayompa. Ukimpigia ukamwambia mashua ya bluu, watu kadhaa, ilitoka asubuhi, umemwachia bahari nzima.

Vifaa vya setilaiti vya kubebwa mkononi vipo, lakini bei yake na ada ya kila mwezi bado ni mzigo kwa mvuvi wa kawaida. Nionavyo mimi, kaunti zetu zingeweza kununua vichache na kuvikodisha kupitia kamati za usimamizi wa fuo, chombo kikirudi kifaa kinarudi. Penye mtandao wa simu, mmoja chomboni anaweza kumtumia mtu wa nchi kavu mahali alipo kabla hajavuka upeo wa minara. Betri ibaki.

Na kabla ya hayo yote kuna daftari. Kamati ya ufuo inaweza kulianza kesho: jina la chombo na rangi yake, majina ya waliomo, nambari ya simu moja ya aliyemo na moja ya nyumbani, saa ya kutoka, wanakoelekea, na saa wanayotarajiwa kurudi. Mstari huo wa mwisho uandikwe na nahodha mwenyewe kabla hajasukuma chombo majini, na pembeni yake saa ambayo, ikipita bila habari, mwenye daftari anaanza kupiga simu bila kungoja kushauriwa na mtu.